Kilo 51

Dau la baba halikuwa na tundu hata moja lilipokufa. Mkuku, ule uti wa chini, ulikuwa umenyooka na kalafati ya kuzibia maungio ilikuwa bado imeshika. Kilichokosekana ni watu sita. Hapa Lindi maji ya bamvua hushuka zaidi ya mita tatu, na pwani yetu ina mteremko mdogo, kwa hiyo bahari ikiamua kuondoka inaondoka kweli. Chombo ulichokiacha kinaelea alfajiri unakikuta baadaye kimelala ubavu juu ya tope, na maji yako kule. Kulisukuma dau la mkongo kwenye tope kulitaka wanaume sita na wa saba wa kupiga kelele. Vijana wa baba walikwenda Mtwara mwaka 2013 kutafuta kazi za bomba la gesi. Wawili walirudi, lakini baharini hawakurudi. Dau likakaa chini ya mkungu, likakauka, likaachia mbao moja moja, na mama akawa anazichanja kuni. Ziliwaka vizuri tu.

Basi nilipoanza kuchora chombo changu sikuanza na urefu, wala tanga. Nilianza na uzito. Nilitaka kitu ambacho mimi na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 13, tunaweza kukinyanyua tukavuka nacho tope bila kumwita mtu. Nikaandika juu ya karatasi: KILO 40. Yaani kilo 20 kwa kila mmoja, sawa na dumu la maji, na dumu la maji sisi tumelibeba maisha yetu yote.

Kwa msionijua, mimi ni fundi cherehani. Nina Butterfly ya kukanyaga iliyo na umri kunizidi, nashona magauni, sare za shule na mapazia. Useremala sijasomea. Lakini siku niliyosoma namna Waingereza walivyojenga Mirror nilicheka peke yangu, kwa sababu niliielewa kabla sijafika mwisho. Mirror ni kidau cha tanga cha mita 3.3 kilichobuniwa mwaka 1962 na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, yule aliyekuwa akiwafundisha watu kazi za mikono kwenye televisheni. Kikapewa jina la gazeti la Daily Mirror lililokitangaza. Bodi yake tupu ni kilo 45.5, na vimeshajengwa zaidi ya 70,000, vingi na watu wa kawaida majumbani mwao. Hawakuanza na mkuku wakapanda mataruma, zile mbavu za ndani, halafu wakavisha mbao. Walikata plaiwudi bapa kwa kiolezo, wakatoboa matundu pembeni, wakazivuta pamoja kwa waya wa shaba, na kwa kuvutwa tu zile bapa zikapinda zenyewe zikawa chombo. Ndipo wakapaka gundi na utepe wa faiba kwenye maungio, waya ukakatwa.

Hiyo ni bandi. Fundi nguo yeyote anaijua. Unapiga bandi kwa mkono nguo ikae umbo lake, unapita na cherehani, unafumua bandi. Na lile jambo la kitambaa bapa kugeuka kifua cha mtu kwa kukata pembeni tu, ndiyo kazi inayonilisha.

Kiolezo cha watu sikutaka, nilitaka changu. Nikakata maboksi ya sabuni, nikajenga mifano midogo ambayo sentimita moja yake ni sentimita 10 za chombo chenyewe. Sasa hapa kuna hesabu tamu. Ukipunguza urefu mara 10, upana mara 10 na kina mara 10, ujazo unapungua mara 1,000. Kwa hiyo kila kilo ya chombo kikubwa ni gramu moja ya kidogo. Nikapiga jumla: mimi 68, mtoto 41, chombo 40, mlingoti na tanga na usukani 14, kikapu na maji ya kunywa 12. Kilo 175. Nikaupaka mfano nta ya mshumaa usilowe, ukawa na gramu 30, nikaenda nao dukani kwa Mangi nikaomba anipimie sukari gramu 145. Akauliza, "Mia moja arobaini na tano? Si robo?" Nikasema hiyohiyo. Nikaimwaga sukari ndani, nikauweka kwenye beseni.

Mfano wa kwanza ulikaa kwa nyuma kama bata. Sehemu ya tezi, yaani nyuma, ilikuwa nyembamba mno, maji hayana pa kuishikia. Niliusahau barazani na sukari yake, na asubuhi sisimizi walikuwa wameupanda kama abiria wa kivuko cha Kitunda, ng'ambo ya maji. Wa pili nilipanua tezi, ukakaa sawa lakini sakafu yake ilikuwa imenyooka kama meza na sikuipenda. Wa tatu nikaipinda sakafu kidogo kuelekea omo, yaani mbele, na tezi. Ulikaa majini vizuri, umezama sentimita 1.2 pale penye kina zaidi, yaani 12 za kweli. Nikachora mstari kwa kalamu kwenye ubavu. Mstari ule bado ninao, na siku tuliyoshusha chombo maji yalipita juu yake kidogo. Sababu nitaieleza.

Omo nililikata butu kama la Mirror, kwa kuwa omo lililochongoka linakula urefu na halibebi kitu. Hilo limenigharimu heshima mtaani. Watoto wanakiita karai.

Mbao. Hapa ndipo wengi wanapoibiwa, nami nilikaribia. Madukani ukisema unataka plaiwudi ya baharini unaletewa "marini", ile yenye uso wa kahawia unaong'aa. Ile ni ya kumwagia zege. Gundi yake si mbaya, lakini tuliyoikuta ilikuwa ya milimita 18, na ndani ina mapengo. Plaiwudi ya kujengea vyombo hasa ina kiwango chake, BS 1088 cha Waingereza, na mimi hapa Lindi sikuiona. Kwa hiyo nikaomba vipande vya mkono mmoja vya milimita 6 kutoka maduka matatu, nikavitia sufuria ya pilau, nikavichemsha saa nzima, nikavianika juani, nikavichemsha tena. Siku tatu. Mama yangu mdogo akaja, akafunua mfuniko.

"Unapika nini?"

"Mbao, mama."

Akafunika, akaenda kukaa. Kipande cha kwanza kilifunguka siku ileile kama chapati. Cha pili kikavimba pembeni. Cha tatu kikatoka kama kilivyoingia, na hicho ndicho nilichonunua, bapa tatu za futi 8 kwa 4. Nilizipima moja moja kwenye mizani ya kuning'iniza ya jirani yetu, anayopimia ufuta na korosho. Kilo 11.2 kila moja.

Bapa ni mita 2.44, chombo ni mita 3.3, kwa hiyo lazima uunge. Niliunga kwa kuweka kiraka nyuma ya maungio, kama unavyounga kanga. Nikachora kwa chaki, nikakata na msumeno wa umeme wa kuazima, bapa mbili za ubavu nikizipanga pamoja ili zilingane, kama unavyokata mikono miwili ya gauni kwa mkasi mmoja. Waya nilipata kwenye nyaya kuukuu za umeme, nikamenya. Matundu kila sentimita 15. Nilianza saa mbili asubuhi, na kufikia adhuhuri kulikuwa na chombo uani. Dhaifu, kinatikisika, nuru inapita kwenye maungio, lakini chombo. Mtoto alikizunguka mara mbili bila kusema kitu, kisha akaingia akakaa.

Siku hiyohiyo nikamwita babu mmoja anayejenga mashua pwani. Nilimtaka anihakikishie kama pande zote mbili ziko sawa, kwa sababu yeye haamini futi kamba, anaamini jicho. Alisimama kwenye tezi, akafumba jicho moja, akasema ubavu wa kushoto umepanda. Nikapima: milimita 9. Nikakaza waya mbili.

Akagonga sakafu kwa kidole. "Mjukuu, hii ndiyo dari ya nyumba."

"Ndiyo babu."

Akachuchumaa akaziangalia zile waya, moja moja, mpaka omo. "Lakini umeshona," akasema. "Mitepe ilishonwa hivi."

Mtepe hakuuona, wala baba yake sidhani. Mitepe iliisha katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Lakini habari zake pwani hazijaisha: chombo kisicho na msumari, mbao zimefungwa kwa kamba za nazi, tanga la mkeka. Nilimweleza babu kwamba waya hizi si za kubaki, ni bandi, gundi ndiyo itakayoshika. Akaonekana amevunjika moyo kidogo.

Gundi nayo ilinivunja moyo mimi. Mafundi wa boti za faiba wanatumia rezini ya polista, ni rahisi kuipata, lakini haing'ang'anii mbao. Baada ya muda utepe unabanduka kama plasta kwenye kidonda kibichi. Inatakiwa epoksi. Niliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi, lita 5, chupa A na chupa B, vipimo viwili vya A kwa kimoja cha B. Nikakoroga nusu lita nzima kwenye kopo refu, saa saba mchana, mwezi wa kumi. Epoksi inapokauka inatoa joto, joto linaiharakisha, ikiharakishwa inatoa joto zaidi, na kopo refu halina pa kulitolea. Nilikuwa nimepaka kiasi cha mkono wangu nikaona moshi. Kopo likawa halishikiki. Nikalitupa mchangani, likapasuka pale, na hela yangu ndani imekuwa jiwe. Jiwe lenyewe ninalo, nazuilia mlango.

Tangu hapo nilikuwa naamka kwa adhana ya alfajiri, nakoroga kidogo kidogo kwenye sinia pana, na saa mbili nimeshafunga kazi. Maungio ya ndani niliyajaza kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao niliouchekecha kwa chekeche la unga wa ngano, nikayapitisha mgongo wa kijiko yawe mviringo, kisha utepe wa faiba juu. Kuna jambo lingine la hewa yetu: asubuhi ya pili unakuta uso una utelezi kama umepakwa mafuta. Usipige msasa juu yake, utaziba msasa wote na koti linalofuata halitashika. Osha kwa maji na kitambaa, kausha, ndipo msasa.

Na hapa ndipo uzito ulipoingilia. Epoksi ukiiona inang'aa juu ya faiba unafurahi, unasema imekolea. Kumbe kinachong'aa ni ziada. Faiba iliyokolea vizuri unaona nyuzi zake, kama shuka iliyolowa. Ziada inatakiwa ikwanguliwe. Mimi nilikuja kukata kibao cha kukwangulia kutoka ubavu wa dumu la plastiki, lakini nusu ya chombo ilikuwa imeshang'aa. Lita 5 zikaisha, nikaagiza 5 nyingine.

Kosa la pili ni mninga. Nilitaka ukanda wa juu, ule unaokaa mkononi ukishika ubavu, uwe mzuri. Nikanunua mninga. Ni mbao nzuri, haina ubishi, na kila nikipita nauchezea kwa kiganja. Ni kilo 8. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika 5.

Januari tukakitundika kwenye tawi la mwembe kwa kamba mbili, mizani katikati. Jirani ndiye aliyesoma, kwa sauti ileile ya kusomea magunia: "Hamsini na moja!" Nikamwambia asome tena. Nikakaa chini nikapiga hesabu mchangani. Plaiwudi baada ya mabaki kutoka, 28, hiyo ilikuwa kama nilivyotarajia. Epoksi na faiba 9, nilitarajia 4. Mninga 8. Kiti na kisanduku cha ubao wa katikati 5, nilitarajia 3. Rangi kilo 1, na rangi sikuwa nimeihesabu kabisa, nani anahesabu rangi? Ukipiga msasa huwezi kuirudisha epoksi iliyo chini ya faiba. Kilo 11 zimeingia zimelala.

Tanga ndilo niliamini sitakosea, nami nilikosea kwa kiburi. Nilichagua tanga la foromali fupi ya mwanzi, ule mti wa juu unaoshika tanga, mita za mraba 5, kwa sababu ukibisha, yaani ukipanda upepo kwa kupindapinda, huna haja ya kuizungusha foromali mbele ya mlingoti kama kwenye tanga letu la pembetatu. Kazi ile inataka mtu wa pili anayejua, na wangu bado anajifunza. Turubai jepesi, mishono miwili ya zigizaga. Nikalikata kingo zote zimenyooka kama pazia. Likakaa kama pazia. Babu alipoliona limepandishwa uani alicheka mpaka akakohoa.

"Halina tumbo hili. Dasi umeishonaje?"

Dasi ni ile kamba ya kwenye upindo. Nilikuwa nimeishona sawa kwa sawa, kitambaa na kamba urefu mmoja. Akakaa chini akanionyesha: kamba unaivuta imekazika, kitambaa unakilegeza kidogo, unakikusanya kwa dole gumba, mshono, unakusanya, mshono. Nikashika kichwa. Hivyo ndivyo ninavyotia mkono begani kila siku ya Mungu! Kichwa cha mkono wa gauni kina kitambaa kingi kuliko tundu la bega, na unakilisha kidogo kidogo bila kuonyesha mikunjo. Nikafumua upande wa mbele na wa juu, nikarudia. Usiku mbili. Na zile kingo zilizonyooka nikaziongezea kipande chenye mviringo. Sasa lina tumbo.

Tulikishusha Februari, Jumamosi ya maji mafu ili mkondo usitusumbue. Kabla ya kupandisha tanga tulikipindua makusudi maji yakiwa kiunoni. Chini ya kiti na omoni nimefunga madumu manne matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa kwa mpira, na hayo yanatosha kukiweka juu hata kimejaa maji pamoja na sisi. Tulikigeuza, tukapanda, tukafuta maji kwa ndoo iliyokatwa. Majaketi tumevaa wote wawili, na aliyetucheka acheke.

Halafu tanga. Kaskazi ilikuwa ndogo, demani, kamba ya kuvutia tanga, mkononi mwangu, kana, mpini wa usukani, chini ya kwapa, na chombo kikaenda mara moja, bila kusita, kama punda aliyefunguliwa. Kilikwenda haraka. Lakini hakikwenda nilikokielekeza. Omo linatazama Kitunda, sisi tunakwenda pembeni kama kaa, kuelekea mlango wa mto Lukuledi na mikoko yake. Nikavuta demani, nikalegeza, nikasukuma kana. Vijana kwenye mtumbwi wakapiga makasia kutuzunguka wakiuliza kama tunauza karai. Mtoto ndiye aliyeona.

"Mama mdogo, ule ubao uko juu."

Ubao wa katikati, ule unaochomekwa chini ili chombo kisisukumwe upande, ni wa plaiwudi, na plaiwudi inaelea. Ulikuwa umepanda taratibu ndani ya kisanduku chake mpaka ukabaki kiasi cha kiganja tu chini. Akaukalia. Hivyo tu. Chombo kikashika njia kana kwamba kimepigwa kofi, kikaanza kubisha, na yeye akavuka hadi Kitunda akiwa amekalia ubao. Siku hizi tumeweka kipande cha tyubu ya baiskeli kinaubana.

Tuliporudi maji yalikuwa yamekupwa, tope kama hatua 200. Yeye omo, mimi tezi. Tulipumzika mara tatu. Mara ya tatu tulikuwa tumefika alipokaa babu na tezo lake, na babu akasimama akashika ule ukanda wa mninga, akanyanyua omo peke yake, akaliachia.

"Chepesi," akasema. "Kifunge. Kusi ikija itakiokota."

Nilidhani ni sifa. Juni, usiku, kusi ilikuja, ikakiokota chini ya mwembe, ikakipitisha juu ya ua wa makuti wa jirani mwenye mizani, ikakitua kwenye banda lake la kuku. Kuku wawili. Nimelipa watatu, kwa kuwa mmoja alikuwa anaatamia. Kwenye chombo paliumia ukanda wa mninga tu, umechanika kama mkono, na sehemu hiyo nimeibadilisha kwa mbao nyepesi. Nimeokoa robo tatu ya kilo.

Sasa kila tukirudi tunakilaza kifudifudi kando ya kisima, kamba inapita juu, na kwenye miisho yake tunaning'iniza madumu yaliyojaa maji. Madumu matatu kwa jumla. Kilo 60. Mtoto ndiye anayeyajaza, na kila jioni ananiuliza kwa nini tusingejenga zito tu.